Namba ya Tarakimu Sita

Masanja mdogo wangu, popote ulipo,

Nakuandikia nikiwa hapa Katoro, kwenye karasha letu la kusagia mawe. Umeme umekatika na mashine imesimama. Nikimaliza nitampa dada anayetuuzia chai aipige picha barua hii na kuisambaza kwenye magrupu ya wachimbaji, maana simu yako haipatikani na sijui tena nikutafute wapi. Watakaoisoma wanisamehe, ni maneno ya nyumbani.

Unakumbuka mashine ikizimika hivi tulikuwa tunafanya nini? Ulikuwa unasawazisha vumbi la mawe kwa kiganja, unaandika namba kwa kidole. Wewe ulifika kidato cha pili, mimi niliishia darasa la tano, na hukuwahi kunidharau kwa hilo. Ya kwanza uliandika 1210, ukasema inajieleza yenyewe. Tarakimu ya kwanza inasema ndani yake kuna sifuri ngapi: moja. Ya pili, kuna moja ngapi: mbili. Ya tatu, kuna mbili ngapi: moja. Ya nne, kuna tatu ngapi: hakuna. Nikahesabu nikarudia, nikaona kweli haidanganyi. Ile 2020 niliipata mwenyewe, ukaniita profesa mbele ya watu, na jina limenikaa. Hata sasa wananiita, "Profesa, lete kiroba."

Kisha ukanipa kazi ya kutafuta ya tarakimu sita. Niliwaza hiyo namba nikibeba mawe, nikila, nikioga. Nikiweka nne mbele, sifuri hazitoshi. Nikirekebisha moja, mbili zinaharibika. Mwisho nikasema haipo, umenidanganya. Ukaniuliza nimejuaje. Nikasema nimechoka. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Kuchoka si jibu, kaka. Kama haipo, nionyeshe kuwa haipo."

Ukanifundisha kufunga njia moja moja. Haiwezi kuanza na sifuri, maana ikianza nayo, sifuri tayari ipo. Ikianza na tano, zote zilizobaki ni sifuri, na hiyo tano yenyewe nani ataihesabu? Tukaenda hivyo mpaka njia zote zikafungwa. Kweli haikuwepo. Lakini sasa nilijua, sikuwa nakisia.

Masanja, nyumbani wanataka kukulilia.

Tangu uende kwenye ile rashi mpya ya dhahabu, kule ambako shimo la duara lilititia na watu ndani, hujasikika. Nilikwenda. Waliokuwa wanafukua wakaniambia majina ya walioshuka siku ile hayakuandikwa na mtu. Mmoja akasema ulishuka. Mwingine akaapa kwamba uligombana na bosi asubuhi, ukaondoka na begi lako. Wa tatu alisema alikuona Kahama, stendi, ukipakia mchele. Nikaenda Kahama nikazunguka na picha yako mpaka wapakiaji wakanizoea. Hakuna aliyekujua, ila kuna kijana mmoja aliyeitazama picha muda mrefu kuliko wengine. Basi. Hakuna njia hata moja iliyofungwa.

Baba mdogo alinipigia kutoka Songwa. Alisema ukoo unakutana Jumamosi, wakulilie, wamalize. Nikamuuliza wamejuaje. Hakukasirika. Alisema, "Maduhu, mama yako hali chakula. Kila pikipiki ikipita anatoka nje." Kisha akampa simu mayu, mama yetu. Sauti yake imekuwa ndogo, mdogo wangu. Hakulia. Aliniuliza, "Wewe ndiye ulikuwa naye. Unasemaje? Ukisema amekufa, nitakaa chini nilie." Nikamwambia mtandao unasumbua. Nikakata.

Sijalala vizuri tangu hapo. Nikisema upo, mama yetu atakufa akisubiri pikipiki. Nikisema hupo, nitakuwa nimesema kwa sababu nimechoka. Na nimechoka kweli, Masanja. Mgongo umechoka, miguu imechoka, kuonyesha picha yako kwa watu wanaotingisha kichwa nimechoka. Kuna siku naona afadhali ningekuta mwili wako. Ndiyo, nimeandika hivyo, na sifuti.

Kesho napanda basi. Jumamosi mayu ataniuliza tena ana kwa ana, na nitamwambia umekufa, ili alie, ili ale. Nitasema na sina hakika. Watanyoa nywele wote. Mimi sitanyoa, waseme wanavyotaka.

Kama uko hai na unaona aibu kwa sababu hukupata kitu, hakuna anayekudai kitu. Kama una hasira na mimi, usinipigie mimi. Mpigie mayu, namba yake ni ile ile. Huna la kusema, kaa kimya kwenye simu, atakujua kwa unavyopumua. Ila piga kabla sijafungua mdomo.

Ni mimi, kaka yako uliyeniacha karashani,
Maduhu