Bakuli chini ya kawa

Safaa, hebu sikia haya. Natoka kwa Yumna sasa hivi, hapa Madungu.

Si unajua paka wake jana aling'olewa meno manne? Daktari wa mifugo kasema ale vitu laini tu. Basi Yumna kachukua samaki, tasi, kamchambua miiba yote, kamponda, bakuli kalifunika kwa kawa.

Baba mkwe wake, Mzee Suhail, karudi msikitini. Kuona kawa, akajua kawekewa yeye. Kafunua, kapiga bismillahi, katia tonge. "Mwanangu, leo umenikumbuka."

Yumna akampokonya bakuli mkononi. Mkononi, Safaa, na tonge hajalimeza.

"Hicho chakula cha paka."

Mzee akacheka kwa aibu. "Na mimi sina meno, mwanangu."

"Paka kang'olewa jana. Wewe ushazoea."