Hodi Tatu kutoka Usingizini

Jumatatu, 3 Machi
Maandazi yameisha mapema. Nimerudi kumlinda Yustina alale mchana. Tangu mtumbwi wake upinduke ziwani kule Ikola, mdogo wangu akifumba macho tu anaota anazama. Anakonda. Mume wake anamsubiri huko, dagaa wanaanikwa na wengine, naye hata ndoo ya maji anaiogopa. Asipopona hili, Ikola basi tena.

Leo kaja na utaratibu. Ndotoni atahesabu vidole. Vikizidi, atajua anaota. Hapo atanipigia hodi kwa macho: kushoto, kulia, mara tatu. Mimi nagonga kitanda: karibu. Akipeleka macho juu, nimwamshe. Eti naitwa Kituo cha Makanyagio, kwa jina la mtaa wetu. Kichaa.

Jumatano, 5 Machi
Kope zilicheza tu. Kaamka analia, kisha akaripoti: "Kituo, mtandao unasumbua. Ova." Nimecheka huku machozi yananitoka. Mimi ningeshakata tamaa.

Alhamisi, 6 Machi
Imewezekana! Kushoto, kulia, mara tatu, chini ya kope. Nikagonga. Macho juu. Nikamwamsha. Anasema kule ziwani nilisikika kama mtu anatwanga mihogo. Mkono mmoja ulikuwa na vidole saba. Ana akili huyu mtoto, mimi sina hata nusu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeharibu. Mama mkwe wangu alikuja, na salamu za kwetu hazikatishwi: nyumba, watoto, mahindi, mbuzi mmoja mmoja. Huku nyuma Yustina kapiga hodi tatu, kimya. Tumelelewa hivyo, hodi tatu bila jibu unageuka uende zako. Kageuka, hata ndotoni! Karudi majini peke yake.

Nimemkuta ameamka, jasho tupu. Hakulia. "Nyie wa kituo mnakula mshahara wa bure," kasema. Halafu taratibu: "Niliushika mtumbwi, Dada. Nikaelea." Nina aibu. Ila namwonea fahari mpaka kifua kinauma.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Hodi tatu. Nikagonga karibu. Nikasubiri macho yaende juu, hayakwenda. Yalikwenda upande huu, upande ule, polepole, kama anapiga kasia. Uso umetulia. Kaamka mwenyewe, kanywa chai, kaulizia gari la Ikola.

Alhamisi, 13 Machi
Ameondoka asubuhi na maandazi yangu ya njiani. Nimetandika kitanda chake. Nimekaa kidogo pale pembeni. Nikakigonga mara moja, nikaenda kukanda unga.