Kipande Kile Kilikuwa na Maji

Katwe, Jumapili baada ya ibada

Papa Amani,

Siku ya pili hospitalini, uso wako wote umefungwa bendeji umebaki mdomo tu, uliniuliza swali moja. "Barasa, kile kitu kilitoka kwa gunia gani?" Nikakujibu, "Sijui, Papa." Siku ya kumi na tisa ukafariki, na swali lile hukulirudia tena.

Kilitoka kwenye gunia la mlangoni. Nilijua. Nilijua hata wakati nakujibu.

Wewe ulikuwa umeinamia chungu cha kuyeyushia alumini, unaondoa uchafu wa juu kwa kile kijiko kirefu, kwa hiyo hukuona. Acha nikueleze kama ilivyokuwa. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Gunia la vyuma chakavu tuliloliacha mlangoni lilikuwa limelowa chapachapa, na sheria yako niliijua kuliko jina langu: kilicholowa kilale kwanza kando ya tanuru mpaka kikauke, hata kikilala siku nzima. Maji yakiingia kwenye alumini iliyoyeyuka, ulikuwa unasema, hayaulizi nani mwema na nani mbaya. Gunia kavu lilikuwa kule nyuma, hatua kumi tu. Lakini mimi nilikuwa na haraka. Ingekuwa haraka ya kazi ningekuwa na la kujitetea. Ilikuwa haraka ya mpira, Papa. Nilitaka tumalize sufuria ya mwisho niwahi kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira kabla mechi haijaanza. Nikanyoosha mkono kwenye gunia la karibu, nikatoa kava la injini ya pikipiki, nikalifuta kwenye suruali. Nikaona linang'aa. Nikalitumbukiza chunguni. Ndani lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu mlikuwa na maji.

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Alumini yote iliyoruka ilikupata wewe. Mimi nilipata alama moja mkononi, ndogo kama punje ya hindi, na imeshapona. Inaniudhi kwamba imepona.

Matokeo ya ile mechi sijayajua mpaka leo.

Watu walikuja wengi kukuzika. Ungeshangaa. Wakongo wote wa kanisani, Wakenya wenzangu, mafundi wa Katwe na nguo zao za kazi. Kila mtu alinishika mkono akaniambia "kitalo nnyo", pole sana ya Kiganda, na mimi naitikia kama mfiwa, maana walijua miaka sita umenilea. Walijua ulivyonikuta nimekaa kwenye ngazi za kanisa, duka nililotoka Bungoma kuja kuuzia limefungwa, sina pa kwenda, ukaniuliza tu, "Mukenya, unaogopa moto?" Wakaona machozi yangu wakasema, tazama, amempoteza baba. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Halafu Pasta akasimama. Akasema Mungu hakosei. Akasema hakuna jani linaloanguka bila yeye kupenda, na kwamba hata katika moto ule Mungu alikuwa na kusudi ambalo sisi hatulioni. Watu wakasema amina. Mjane wako, Mama Amani, akasema amina, akiwa ameegemea mabega ya dada zake wa kwaya.

Mimi nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Unaelewa kwa nini? Kama ni kusudi la Mungu, basi mkono wangu haukufanya kitu. Ulisukumwa. Wiki tatu nzima nililala vizuri juu ya neno lile. Watu wakinifariji, nami nawafariji: tusiulize, Mungu ana mpango wake. Nilikuwa nalisema hata kwa Ssalongo, jirani yetu anayetengeneza majiko ya mkaa, ambaye hakuwa ameuliza.

Sijui ni lini lilianza kunichachia mdomoni. Nadhani ni asubuhi moja nilipokuwa nafagia karakana, nikakukumbuka na yule mhubiri mgeni. Unamkumbuka? Alipita kutusalimu, akaona tanuru, akafurahi sana. Akatuambia mateso ni kama moto huu, Mungu anatuyeyusha atoe uchafu wote, tuwe safi. Wewe ulikuwa unachekecha mchanga wa kalibu za kumiminia sufuria. Hukuinua kichwa. Ukamjibu kwa Kiswahili chako cha Uvira, taratibu kabisa: "Mimi ninayeyusha alumini kila siku, mutumishi. Alumini hailie. Mutu analia." Mhubiri alipoondoka ulijuta kumkosea adabu mgeni, ukanituma nimkimbilie na soda.

Siku ile ndipo nilipokuuliza habari za Amani. Miaka miwili nilikuwa nakuita kwa jina la mtoto ambaye sijawahi kumwona. Ukaniambia alibaki njiani mlipokimbia vita, homa ya siku nne, miaka mitano tu, mkamzika chini ya ardhi ya watu msiowajua. Nikakuuliza, kwa ujinga wangu, unadhani Mungu alitaka nini. Ukasema, "Sijue. Nikifika nitamuuliza. Na nitamuuliza kwa sauti." Kisha ukaniambia nilete mchanga zaidi, na jioni ukaenda kwenye mazoezi ya kwaya kama kawaida. Nilikushangaa. Mtu ana ugomvi na Mungu wa miaka yote hiyo, na bado anakwenda kumwimbia sauti ya nne, bila kukosa hata wiki moja.

Papa, umefika sasa. Umeuliza? Amejibu nini?

Mimi huku najaribu kuuliza na sauti haitoki. Nikipiga magoti naanza, "Mungu, kwa nini," na hapo hapo nasikia jibu, na jibu si la Mungu, ni langu: kwa sababu ulitaka kuwahi mpira. Basi nanyamaza. Wenye kuumizwa na vita wanaweza kumuuliza. Wenye kuumizwa na homa wanaweza. Mtu aliyeumiza mwenzake kwa mkono wake, amuulize nani? Je, Mungu anaweza kuwa na kusudi ndani ya uzembe wangu? Na kama analo, alihitaji macho yako na mapafu yako ili alitimize? Hapakuwa na njia nyingine? Naandika hivi naogopa, lakini wewe hukuwahi kunigombeza kwa swali.

Nakumbuka pia ile alasiri karibu na mwisho, Mama ametoka kwenda kuchemsha uji, ukaniambia nikuombee. Nilishika ukingo wa kitanda. Sikuweza. Ukangoja, kisha ukasema, "Uliza tu. Hata Yesu aliuliza kwa nini, pale musalabani. Na hatukuandikiwa kama Baba alimujibu." Ulikuwa unahema kwa shida. Nilidhani unaniambia habari za maumivu yako. Siku hizi nadhani labda ulikuwa unanifungulia mlango niseme. Au labda sivyo. Siwezi tena kujua. Hilo ndilo linalonimaliza: kwamba siwezi tena kujua.

Basi nikaenda kumwambia Mama Amani.

Ilikuwa Jumamosi. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Bukoto. Bado anazunguka akiuza vitenge vyake kwenye zile fleti, mzigo kichwani, ngazi baada ya ngazi, ingawa magoti yanamuuma. Alinikaribisha vizuri, akaniita "mutoto wangu". Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Gunia, mvua, mpira, na uongo niliokwambia kitandani. Nilidhani nitahisi mzigo umeshuka.

Hakulia. Alikunja kitenge alichokuwa ameshika, akakikunja tena, kikawa kidogo kabisa. Akasema, "Kwa nini umeniambia?"

Nikaanza tena habari ya gunia.

Akasema, "Nilikuwa nalalia lile neno la Pasta. Ni Mungu, nilisema, Mungu ni mukubwa, siwezi kumupiga. Sasa umeniletea mutu. Mutu ninamujua. Nimemupikia miaka sita." Akaniomba nitoke.

Papa, nilidhani ukweli ni kitu kizuri wakati wote. Kanisani tunaambiwa hivyo. Lakini nilipokuwa nateremka kuelekea barabarani nilijiuliza kama nimeungama kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nilimnyang'anya mjane mto aliokuwa akilalia kichwa, ili mimi nipate kupumua. Na wala sikupumua.

Majuma matano hakunisemesha. Kanisani alikaa upande mwingine. Wanakwaya wakaanza kuniangalia, sijui aliwaambia au walihisi tu. Pasta nilimweleza, alinisikiliza, akaniombea, akasema Mungu anasamehe. Nikamuuliza, na lile kusudi? Akasema, "Siku ile ya mazishi, ndugu yangu, nilikuwa naogopa kusimama mbele yenu bila neno." Nilimpenda zaidi siku hiyo kuliko siku zote, lakini nilitoka mikono mitupu vilevile.

Karakana ilikaa imefungwa, naifagia tu. Ssalongo ndiye aliyekuja kugonga mlango, akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe Mukenya, fungua. Moto haina kosa." Nikafungua. Siku ya kwanza niliwasha tanuru nikalizima, mara mbili. Siku ya pili nilimimina sufuria moja, ikatoka na tundu pembeni, nikaivunja. Sasa zinatoka. Si nzuri kama zako. Mdomo wa sufuria zangu bado unayumba.

Leo ndiyo sababu ya kukuandikia. Baada ya ibada nilikuwa naondoka haraka kama nilivyozoea, nikasikia "Barasa." Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli limefungwa kwa kitambaa. Hakunitazama usoni. Alisema, "Mimi sijue kama nikuchukie ao nikupikie. Leo nimepika. Ya kesho sijue." Akaniwekea bakuli mikononi, akaenda zake.

Ilikuwa sombe, Papa, yale majani ya muhogo ya kwenu, na samaki. Nimekula nimekaa kwenye benchi lako hapa. Nimekula yote nikilia, na sijui kama nililia kwa shukrani au kwa aibu. Nilitamani kukwambia kwamba sasa nimeelewa, kwamba kusudi la Mungu ni hili au lile. Watu wangependa nimalizie hivyo nikisimama kutoa ushuhuda. Lakini sielewi. Ninachojua ni kwamba sombe ilikuwa ya moto, na kwamba aliipika mtu mwenye kila sababu ya kutonipikia. Kama Mungu yumo mahali katika jambo hili, labda yumo hapo. Sithubutu kusema zaidi.

Nakuahidi mambo machache, kwa maana makubwa siyawezi. Sitamwambia tena mtu aliyefiwa kwamba ni mpango wa Mungu. Nitakwenda nikae naye, nikose la kusema pamoja naye. Nitaendelea kupiga magoti hata sauti isipotoka. Na Jumamosi nitakwenda Bukoto nimbebee Mama ule mzigo wa vitenge. Akikubali, nitautwika kichwani. Akikataa, nitatembea nyuma yake mpaka ngazi ya mwisho, na nitarudi Jumamosi nyingine.

Bakuli nimeliosha. Kesho asubuhi nalirudisha, hata asipofungua mlango.

Pumzika, Papa Amani. Uliniuliza na nimekujibu. Nimechelewa, najua nimechelewa.

Mimi,
Barasa