Shangazi, Usipake Rangi Mwezi Huu

Nyumbani, chumba cha cherehani
2 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hali yako huko? Goti linasemaje, bado linakugomea kwenye ngazi? Na mumeo, Bwana Mrefu, ameacha kulalamikia baridi? Sisi hatujambo. Mama mkono wa kushoto bado mzito tangu kile kiharusi, ila ulimi umepona kabisa, tena umezidi.

Nisikuzungushe. Nina mvi. Si moja wala mbili, utosi mzima, na ndiyo kwanza nina miaka ishirini na minane. Mimi mwenyewe hazininyimi usingizi. Wateja wananitania, "Bibi, suruali yangu tayari?" nami nawajibu kwamba bibi hapokei kazi za haraka.

Shida ni mama. Kitanda chake kiko nyuma ya cherehani, na mimi nikishona nainama, basi kutwa anautazama utosi wangu. Amejiaminisha kwamba kumwogesha na kumlisha ndiko kulikonizeesha. "Nakumaliza, mwanangu," anasema, halafu anageukia ukutani. Juzi alikataa kuogeshwa, akajikokota mwenyewe hadi bafuni, akaanguka. Hakuvunjika, lakini nililia kuliko yeye.

Sasa amefunga begi, akaliweka mlangoni. Mjomba anakuja kumchukua mwisho wa mwezi. Nyumba ya mjomba unaijua: ghorofa ya tatu, na kutwa wote wako kazini. Mama atashinda peke yake na chupa ya chai. Sikubali, Shangazi! Nimesema sikubali, na sitakubali.

Nilikwenda kupima. Damu haina kasoro. Muuguzi akaniambia mvi za mapema hivi mara nyingi mtu huzirithi, nikaulize kwenye ukoo. Nikamweleza mama, akaguna. "Kwetu hakuna. Na baba yako, nani alimwona na mvi?" Kweli, nani angeziona? Marehemu baba alinyoa kipara tangu ujana mpaka tunamzika.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Nilikuwa mdogo, lakini macho nilikuwa nayo. Ulipokuja kukaa kwetu ulikuwa unajifungia bafuni, unatoka na mfuko wa plastiki kichwani, na taulo jeusi tii. Ukaniambia ni dawa ya mba. Mba gani hiyo, Shangazi? Na thelathini ulikuwa hujaigusa.

Najua siri hii umeificha hata kwa wifi yako, na najua unavyopenda kupendeza. Ningekuwa na njia nyingine nisingekusumbua. Lakini mwezi huu usipake rangi. Acha mizizi ionekane, upige picha kichwa wazi, bila kilemba, kisha umwandikie mama mwenyewe ulianza kuota mvi lini. Mimi haniamini, anadhani namfariji. Wewe hujawahi kumfariji hata siku moja, kwa hiyo atakuamini.

Tafadhali, fanya haraka kabla mjomba hajaja. Ukitaka kunigombeza kwa kukufichua, nigombeze, nitakaa kimya nisikilize mpaka mwisho.

Nisalimie Bwana Mrefu, na wale mapacha wenu waambie sare zao nimeshazikata. Mungu akupe afya, na goti likutii.

Begi la mama nimelitoa mlangoni, nimelipandisha juu ya kabati, mahali ambapo mkono wake mmoja haufiki. Halishuki mpaka picha yako ifike, na ikishafika nitalishusha kwa ajili ya kuzirudisha nguo zake kabatini.

Wako akupendaye, mwenye kichwa chako,
Binti wa kaka yako