Rangi Nyeusi Kwenye Kishikio

Mexicali, 9 Novemba

Kwa kaka Efrén,

Nakuamkia kwanza, na naomba barua hii ikukute hujakonda zaidi ya ulivyoondoka. Sisi tunapumua. Mama bado anakanda tortilla za watu wanne, kisha sehemu yako anaila mwenyewe kwa hasira. Baba ameacha gongo moja la kutembelea, amebaki na la pili. Mimi kila asubuhi navuka mpaka kwenda shule Calexico, upande wa Marekani, nasema Kiingereza hadi mchana, nikirudi nasema Kihispania, na katika lugha zote mbili sijapata mtu wa kumweleza hili.

Jina lako halitajwi mezani. Wateja wa gereji wakikuulizia, Baba huwajibu kwamba alikuwa na kijana, alijifunza kuchomelea huku amelala. Don Lázaro, aliyekaa naye kwenye pikapu siku ile ya mashindano, huongezea kwamba weldi zako zilikuwa mate ya mbuzi. Mimi huinama nikaendelea kufagia.

Pikapu bado ipo uani. Unakumbuka tulivyozitoa zile springi za mabapa? Ulimwambia Baba kwamba kwa mabapa yale gari litarukaruka jangwani kama punda aliyeumwa na nyuki, lakini mikono minne ya chuma na springi za koili zitaiacha ekseli ifuate ardhi. Baba akasema mabapa hayo yalimzika babu na bado yanabeba. Akakubali, kwa kuwa uliomba wewe. Nadhani ndiyo maana hasira yake haiishi.

Ijumaa ile mlichomelea kwenye fremu vishikio vitatu vya kushikilia ile mikono ya chuma. Cha nne mlikishikiza kwa nukta tu za weldi, gesi ikaisha. Baba akasema atakayewahi kesho ndiye atakayemalizia. Nanyi wawili mnaijua sheria ya gereji yetu: rangi ni ya mwisho. Kilichopakwa rangi kimekwisha, hakuna anayekigusa tena.

Wiki iliyofuata, kilomita arobaini ndani ya mashindano ya jangwani, kishikio kile kiling'oka, ekseli ikageuka upande chini ya gari, na Baba akavunjika nyonga. Pale hospitali, mbele ya watu, ulisema ulikikuta kimemalizwa, ukadhani kamaliza yeye. Akakuuliza kimemalizwa na nani basi, Roho Mtakatifu? Ukatutazama mmoja mmoja. Ulinitazama na mimi. Nikatazama viatu vyangu.

Ni mimi, kaka. Jumamosi asubuhi mlipokwenda kutafuta gesi, kila mmoja upande wake, nilivipaka vishikio vyote vinne rangi nyeusi, nikitaka ving'ae Jumapili padri atakapokuja kuyabariki magari. Sikuzikagua weldi. Uliporudi uliona rangi ukadhani kazi ni ya Baba, na Baba akaona rangi akadhani ni yako. Wewe ukafungasha, mimi nikakubebea begi hadi kituoni, nikakutakia safari njema.

Jumapili iliyopita nilimwambia Baba. Alikuwa anamenya chungwa, wala hakuacha kumenya. Akasema anajua tangu walipomletea kile kishikio kilichong'oka, kwa sababu Efrén hupuliza rangi ya kopo, na hii ilikuwa na mistari ya brashi yangu ya shule. Akasema yaachwe hivyo hivyo. Mwanamume hubeba aibu akaondoka nayo, msichana hubaki nayo mtaani. Kisha akanipa nusu ya chungwa.

Nikaila, kaka. Nilisema ndiyo Baba, nikaila yote.

Kwa hiyo barua hii naituma pamoja na boksi dogo, bila Baba kujua; Mama nimemweleza yote, na ndiye aliyelifunga. Ndani yake kuna kishikio chenyewe. Kwaruza rangi kwa kucha utaziona nukta nne, na hakuna kingine. Mwonyeshe umtakaye. Ukitaka kukileta mwenyewe hadi mezani kwa Baba, nitakuwepo, na safari hii sitatazama viatu.

Mama anakusalimu. Baba hakutuma salamu, nami sitamtungia.

Mdogo wako,
Nereida