Kurasa Kumi na Moja za Bwana Radi

Mzee Ekisa,

Nakuandikia kwenye meza yako, dukani kwa mke wako, Mama Amoit, hapa Malaba, kati ya mashine ya kutoa kopi na dirisha linalotazama barabara. Amenipa kiti chako. Mguu mmoja bado ni mfupi, na chini yake bado kuna kile kipande cha mbao ulichokiita marekebisho ya katiba.

Kwanza habari. Foleni ya malori ipo. Madereva bado wanapika ugali chini ya trela zao, wanafua, wananyoana. Jana nilimsikia mwanamke anayeuza chai pale kona akimwambia dereva mmoja, "Boss, sogeza Mheshimiwa wako, ananizibia wateja." Dereva akacheka, akasogeza. Yule mama hajasoma kitabu chako, *Mheshimiwa Lori*. Hajui kwamba kuna mzee mmoja, wakala wa forodha, aliyebuni lori lililokaa kwenye foleni hadi wenyeji wakaliandikisha kupiga kura, kisha wakalichagua kwa sababu ndilo mgombea pekee ambaye hajawahi kuwadanganya. Yeye anajua tu kwamba lori likikaa sana huitwa Mheshimiwa. Nilitaka kukimbia nikuambie. Nilishapiga hatua mbili kabla sijakumbuka.

Mambo kama hayo yananipata mara kwa mara. Sitayaandika yote.

Siku tuliyokuzika walikuja wengi. Mheshimiwa mmoja, huyu wa miguu miwili, alishika kipaza sauti akasema wewe ni hazina ya taifa, kisha akakusifu kwa mashairi yako. Mzee, hukuwahi kuandika hata ubeti mmoja. Nami nikapanda baada yake nikanguruma kwa nusu saa. Niliwataja wanaokumbatia waandishi wakishanyamaza, wanaozima taa za maktaba na kuwasha mishumaa kwenye mazishi. Watu walipiga makofi. Nikarudi nikaketi kivulini, chini ya hema la waheshimiwa, kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe na kufungwa utepe nyuma. Wanawake waliokupikia miaka yote walikuwa juani, kwenye nyasi. Nilipoketi sikuona kasoro yoyote. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

Wiki mbili baadaye Mama Amoit alinikabidhi muswada wa mwisho, ule wa *Hema*, kitabu chako kuhusu sisi na mazishi yetu. Alisema uliacha neno: Wandera asome, asahihishe makosa ya chapa, aupeleke kwa mchapishaji. Niliubeba hadi nyumbani Busia nikiwa nimeupakata kama mtoto. Sura sita za kwanza nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Halafu nikafika sura ya saba, nikakutana na Bwana Radi.

Bwana Radi anaandika makala kali gazetini. Anawapigania wanyonge wote, ila wakimsalimia njiani hawajui kwa majina. Ameandika makala moto dhidi ya mahema ya waheshimiwa mazishini, akiuliza kama mauti nayo yana daraja la kwanza. Wiki ileile anahudhuria mazishi Angurai, mvua inanyesha, naye anakimbilia hema lilelile, anajipenyeza, anaketi mstari wa nyuma kabisa, anafuta miwani yake na kuanza kuandika vidokezo vya makala nyingine.

Sikuhitaji kuambiwa. Makala ile niliiandika mimi. Angurai nilikwenda mimi, tulipomzika yule mwalimu mstaafu aliyetufundisha sote wawili kwa miaka tofauti. Na wewe ulikuwa nje kwenye mvua, umejifunika karatasi ya nailoni kichwani, unapiga soga na wachimba kaburi. Tulitazamana mara moja. Hatukuwahi kulizungumza.

Nilikasirika, Mzee. Wewe unanijua nikikasirika. Nilizunguka nyumba nikikujibu kwa sauti, na wewe hujibu. Ni kazi ngumu kubishana na marehemu, maana hachoki. Kisha nikafanya jambo ambalo nimewatukana wengine kwa miaka ishirini kwa kulifanya. Nilitoa kurasa kumi na moja, nikazificha ndani ya kamusi, nikabadilisha namba za sura kwa kalamu. Nilijiambia sura ile inapunguza kasi ya kitabu. Hata sababu niliipata, na ilikuwa nzuri, ya kihakiki, ningeweza kuitetea mbele ya maprofesa.

Niliporudisha muswada, Mama Amoit hakuufungua. Aliupima mkononi, kama mtu anavyopima samaki wa ziwani kutoka Osieko kabla ya kuuliza bei. Kisha akaketi, akalowesha kidole, akahesabu. Nilisimama pale nikisoma tangazo la kupiga picha za pasipoti.

"Wandera," alisema, "nilipiga chapa kurasa mia mbili na kumi na nne. Zako ziko wapi?"

Hakusema zilizopotea. Alisema zako. Alijua tangu siku aliyonipa.

Nikaanza kueleza kuhusu kasi ya kitabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nije nyumbani Jumamosi mchana na hizo kurasa, nisile sana.

Nilifika nikakuta chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, katikati ya ua, na chifu mstaafu wa kijijini kwako ameshakaa na mrija wake, na majirani zako wawili. Hapo nikaelewa. Mama Amoit alikuwa ameandaa nisomewe.

Ninyi wawili ndio pekee ninaowajua mlioishi hivyo. Hukuwahi kupeleka kwa mchapishaji sura inayomcheka mtu kabla hujamsomea mwenyewe. Ulimwita kwako, ukamketisha kwenye chungu, ukampa mrija mrefu, ukasoma. Ulisema pombe ya wimbi ina busara, kwamba mwenye mrija mdomoni hawezi kumkatiza msomaji. Ukimaliza, uliuliza swali moja tu: kuna uongo hapo? Kilicho uongo ulikitoa. Kinachouma ulikiacha.

Chifu huyu ulimsomea namna hiyo kabla ya kitabu cha kwanza kutoka. Nilikuwepo. Ulikuwa umeandika kwamba alilala katika mkutano wa baraza wakati wananchi wakilalamikia njia ya maji. Alichomoa mrija, akafikiri, akasema, "Hiyo si kweli. Mimi sikulala. Nilifunga macho tu, ili waone niko mbali." Ukamshukuru, ukaandika hivyohivyo neno kwa neno. Ndiyo mistari inayochekesha kuliko yote katika kitabu kile, na chifu mpaka leo huwaambia watu kwamba aliisahihisha yeye.

Mimi ulitaka kunisomea. Nalijua sasa. Ulinipigia simu mara mbili kabla hujalazwa hospitali ya Kocholia. "Wakili," uliniambia, kwa lile jina la kunichokoza, wakili wa watu ambao hajawauliza majina, "njoo, kuna chungu, kuna kitu nataka usikie." Mara ya kwanza nilisema nina makala ya kumaliza. Mara ya pili nilisema hivyohivyo. Sikumbuki hata makala zenyewe zilihusu nini. Nimezitafuta. Moja ilikuwa kuhusu umuhimu wa kusikilizana.

Basi Mama Amoit alinipa mrija, akavaa miwani yako, akasoma kurasa zote kumi na moja kwa sauti yake ileile ya dukani, bila kupandisha wala kushusha. Majirani walijaribu kujizuia, kwa heshima yangu. Ilishindikana pale Bwana Radi anapofuta miwani. Chifu alicheka mpaka mrija wake ukatoka kwenye chungu na kummwagia jirani magotini. Nami nikajikuta ninatabasamu nikiwa na mrija mdomoni, jambo gumu, jaribu uone. Umenipata, Mzee. Hata ile tabia yangu ya kusema "swali la msingi ni hili" kabla ya kuagiza chai.

Alipomaliza alikunja miwani, akaniuliza, "Kuna uongo hapo?"

Chifu aliongeza polepole, kama mtu aliyepitia njia hiyo, "Fikiria vizuri, Wandera. Usikimbilie."

Ningeweza kusema hapana. Ningeonekana muungwana, kila mtu angerudi kwenye chungu. Lakini uongo ulikuwepo, mmoja, na ulikuwa wa kunipendelea.

Hukuandika kweli kuhusu kiti. Unasema niliketi mstari wa nyuma kabisa. Mzee, niliketi mstari wa mbele. Viti vya mbele vilikuwa vimebandikwa karatasi. Kimoja kilikuwa na neno FAMILIA. Niliibandua ile karatasi, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaketi. Baada ya muda alikuja mzee mmoja mwenye fimbo, ndugu wa marehemu, akatazama viti kimoja kimoja akisoma, akarudia, kisha akaenda kusimama kwenye nguzo ya hema, ambapo maji yalikuwa yakidondoka begani mwake. Sikumpisha. Nilikuwa ninaandika vidokezo.

Niliwaambia hivyo. Hakuna aliyecheka. Ni chifu aliyesema, "Hiyo iingie." Akampa Mama Amoit kalamu.

Imeingia. Ukurasa wa tisa wa sura ya saba, kwa mwandiko wa mke wako, kisha kwa chapa. Sijui kama mvua ilikuziba macho siku ile au ulinihurumia. Kama ilikuwa huruma, ichukue, nimeirudisha. Tangu nizike rafiki nimejifunza kwamba uliwacheka watu kwa sababu uliwapenda na hukutaka wabaki na uongo. Mimi nimewafokea miaka yote hii, na sijawahi kumsomea mmoja wao kabla ya kuchapisha. Swali la msingi ni hili, unaona, nimelianza tena.

Jumatatu napanda na muswada kwenda kwa mchapishaji. Kurasa mia mbili na kumi na nne, na mistari sita zaidi. Waliniomba dibaji. Nimekataa. Nimeonekana vya kutosha ndani.

Na mwezi ujao tunakuwekea msalaba kaburini. Wameshaniuliza nitaketi wapi ili wabandike jina langu. Nimemtafuta yule mzee mwenye fimbo huko Angurai, nikauliza jina lake kwanza. Anaitwa Papa Ikapel. Atakuja. Kiti ni chake, cha mbele, na ile karatasi ya FAMILIA nitaibandika mimi mwenyewe. Bado ninayo, ilikuwa kwenye koti lile lile. Mimi nitakuwa upande wa wachimba kaburi, na kama itanyesha, nimeshanunua karatasi ya nailoni.

Pumzika, Mzee wangu. Chungu kikiwekwa, mrija wako utakuwepo.

Wakili wako,
Wandera