Muthokoi wa Kioko

Jumamosi

Uongo ulinitoka kirahisi sana. Nilimwambia Mama Mutheu ahame kwa sababu mwanangu Kioko anarudi kutoka Mombasa na anahitaji chumba. Kioko mwenyewe hana habari. Ni vile nesi mmoja alisema atalipa mara mbili, na siku hizi hapa Machakos vyumba vinagombaniwa.

Miaka sita Mama Mutheu amepanga kwangu. Leo amehama bila kulalamika. Niliingia nikakuta sakafu imesuguliwa, na sufuria ya muthokoi bado moto. Akanipigia simu.

"Hiyo ni ya Kioko, asilale njaa. Kesho tukitoka kanisani nitapita nimsalimie."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikasema asante.

Nesi alipofika na mizigo aliuliza chakula ni cha nani. Nikamwambia sijui.